Kamanda wa Zimamoto Aongoze Akiwa Ndani au Nje? Ulinganisho wa Njia Mbili za Kuongoza Tukio la Moto

Afisa anayekabidhiwa zamu kwa mara ya kwanza hukutana na swali ambalo hakuwahi kutakiwa kulijibu alipokuwa konstebo au koplo: gari litakaposimama mbele ya nyumba inayowaka, yeye mwenyewe asimame wapi? Zipo njia mbili, na kila moja ina watetezi wake wa miaka mingi. Kwa njia ya kwanza, kiongozi huvaa mtungi wa hewa, huingia pamoja na askari wake na kuwaongoza kwa sauti na kwa mkono, akiwa hatua moja nyuma ya mshika mpira. Kwa njia ya pili, hubaki nje mahali panapojulikana na kila askari, akiwa na redio, ubao wenye majina ya walioingia, na nafasi ya kulitazama jengo lote.

Uongozi bora katika zimamoto huzungumzwa mara nyingi kwa kutaja sifa za moyo, yaani ujasiri, uadilifu, usikivu na kuwajali walio chini. Sifa hizo ni za lazima. Hata hivyo, nimechagua kulinganisha mahali anaposimama kiongozi kwa sababu hapo ndipo sifa hizo hugeuka kuwa kitendo, na kwa sababu uchaguzi huo umeokoa na kupoteza maisha ya askari katika nchi nyingi. Ulinganisho huu unamhusu afisa mpya, mkuu wa kituo anayeandika utaratibu wa kazi, mkufunzi, na pia msimamizi wa kikosi cha zimamoto cha kiwanda, bandari au uwanja wa ndege. Niseme mapema kwamba naegemea upande wa kubaki nje, lakini kwa masharti ambayo wengi wanaoutetea upande huo huyaruka.

Kuongoza ukiwa ndani

Hoja kubwa ya njia ya kwanza ni kwamba moto husomwa kwa mwili mzima. Aliye ndani huhisi joto linavyoshuka kutoka darini, husikia mlio wa moto unatokea wapi, huona moshi unavyobadili mwendo wake, na hujua kwa kukanyaga kama sakafu bado inabeba. Hakuna redio inayoweza kumfikishia mtu wa nje mambo hayo yakiwa kamili. Mwanasaikolojia Gary Klein wa Marekani, aliyeanza kuwachunguza makamanda wa zimamoto katika miaka ya 1980, alikuta kwamba kwa sehemu kubwa hawakai wakipima uamuzi mmoja dhidi ya mwingine. Huitambua hali iliyo mbele yao kwa kuifananisha na zile walizokwisha kuziona, kisha hutenda.

Kisa kinachosimuliwa zaidi kutokana na uchunguzi huo ni cha luteni mmoja wa zimamoto wa Cleveland aliyeingia na askari wake katika nyumba ya kawaida ya makazi, ambamo moto ulionekana kuwa jikoni. Walimwaga maji, moto ukarudi kana kwamba haukuguswa. Sebule waliyosimama ilikuwa na joto lisilolingana na moto mdogo namna ile, tena palikuwa kimya kuliko ilivyopasa. Luteni hakuweza kueleza wakati ule ni nini hasa kilichomtia shaka, lakini aliamuru wote watoke. Muda mfupi baadaye sakafu waliyokuwa wameikanyaga ikaporomoka, kwa maana kiini cha moto kilikuwa chini yao, katika chumba cha chini ya ardhi ambacho hawakujua kuwa kipo. Kamanda aliyebaki barabarani asingeweza kuipata habari hiyo, kwa sababu hakuna askari angefikiri kumtaarifu kwa redio kwamba sebule ni kimya.

Faida ya pili inahusu askari wapya. Konstebo aliyetoka chuoni karibuni huweza kujua kila hatua ya mafunzo na bado akasahau kupumua polepole mara moshi unapomfunika. Anapohisi mkono wa sajini begani mwake hutulia, huhifadhi hewa ya mtungi wake, na hujifunza kwa dakika kumi mambo ambayo darasani yangechukua muhula. Faida ya tatu ni wepesi. Katika nyumba ya vyumba vichache yenye korido katikati, ya aina iliyojaa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, mtu akiwa amenaswa nyuma ya dirisha lenye nondo, dakika za kwanza huamua kila kitu, na kiongozi mwenye uzoefu anayeingia mara moja huenda akamtoa kabla gari la pili halijaondoka kituoni.

Ndiyo maana siwalaumu maofisa wanaosema kwamba mahali pa kiongozi ni mbele. Wanatetea jambo la kweli. Tatizo ni kwamba kiongozi aliye ndani huacha kuona karibu kila kitu kingine, kama fundi aliyebandika uso kwenye tofali asivyoweza kujua kama ukuta unapinda. Haoni moto uliokwisha kushika kenchi juu ya chumba walichomo. Hajui kwamba boza la maji limebakiza robo, wala kwamba mama mwenye nyumba ametokea uwanjani akiwa na watoto wote wanaotafutwa ndani. Na akipatwa na jambo, kikosi hupoteza askari mmoja na kiongozi kwa wakati mmoja.

London ililipia somo hilo Januari 23, 1958, moto ulipozuka katika vyumba vya chini ya ardhi vya soko la nyama la Smithfield. Mahali hapo palikuwa na vijia vingi vilivyopindapinda, moshi ukiwa mzito kiasi cha kutoona kiganja. Mkuu wa kituo cha Clerkenwell aliingia na askari wake mmoja wakiwa na vifaa vya kupumulia, na wote wawili hawakutoka hai. Baada ya msiba huo Uingereza iliimarisha utaratibu wa kila anayeingia na mtungi kuacha kibao chenye jina lake kwa msimamizi wa mlangoni, ambaye huandika saa aliyoingia na kukadiria saa ambayo hewa yake itakwisha. Utaratibu huo hauwezekani pasipo mtu wa kubaki nje. Kibao kinahitaji mkono wa kukipokea na jicho la kutazama saa, na jicho hilo halina budi kuwa na mamlaka ya kuamuru, la sivyo msimamizi atajua kwamba hewa inakwisha na asiwe na la kufanya.

Mfano wa pili unatoka Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Mwezi Machi 2001 askari mmoja wa zimamoto wa jiji hilo alipotea ndani ya duka kubwa lililokuwa likiungua na kufariki. Idara yake haikuishia kwenye maombolezo. Ilifanya majaribio ya kumwokoa askari aliyelala ndani ya jengo kubwa, ikarudia mara nyingi kwa vikosi mbalimbali, na ikapata hesabu ambazo kila kiongozi wa zimamoto anapaswa kuzijua: kumtoa askari mmoja kulihitaji askari wapatao 12, kulichukua wastani wa dakika 21, na mmoja kati ya kila waokoaji watano alipata matatizo yeye mwenyewe. Mtungi wa hewa ambao kwenye maelezo ya kiwandani ni wa dakika 30 hudumu muda mfupi zaidi mtu anapofanya kazi nzito. Kiongozi anayeingia akitumaini kwamba yakimfika mabaya wenzake watamtoa, hesabu hizo zinamkatalia, hasa kama kituo chake kina askari watano zamu nzima.

Kuongoza ukiwa nje

Aliyeijenga njia ya pili kuwa mfumo unaofundishika ni Alan Brunacini, aliyekuwa mkuu wa zimamoto wa Phoenix tangu 1978 hadi 2006. Alisisitiza kwamba kamanda awe na mahali pamoja pasipobadilika, ikiwezekana ndani ya gari lenye redio, mbali kidogo na kelele, ambapo anaweza kuliona jengo na kusikia kila anayemwita. Kabla yake, moto mkubwa wa misitu wa California wa mwaka 1970, uliodumu siku 13, ukaua watu 16 na kuteketeza majengo zaidi ya 700, ulikuwa umeonyesha kwamba vikosi vingi vikikutana bila kamanda mmoja, bila istilahi za pamoja na bila masafa ya redio ya pamoja, kila kimoja hupigana vita vyake. Kutokana na hali hiyo ulizaliwa mfumo wa uongozi wa tukio ambao leo unatumika katika nchi nyingi, na mojawapo ya kanuni zake ni kwamba mtu mmoja asiongoze moja kwa moja zaidi ya watu saba, watano wakiwa ndio kiwango kizuri.

Kamanda wa nje ana faida tatu ambazo aliye ndani hawezi kuzipata kwa jitihada yoyote. Huona jengo zima, rangi ya moshi na mahali unapotokea, nyaya za umeme, mitungi ya gesi ya jirani, paa linapoanza kubonyea. Hujua idadi, yaani nani yuko ndani, aliingia saa ngapi, na amefika wapi. Faida ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni uwezo wa kukataza.

Nitaeleza tukio la Worcester, Massachusetts, kwa urefu kidogo kwa sababu sijui tukio jingine linaloonyesha jambo hili kwa uwazi kama huo. Jioni ya Desemba 3, 1999, moto ulizuka katika ghala la zamani la kuhifadhia bidhaa kwa baridi, jengo la ghorofa sita ambalo karibu halikuwa na madirisha, kuta zake zikiwa zimefunikwa kwa nyenzo za kuhifadhi baridi zinazoshika moto haraka. Ilisemekana kwamba watu wawili wasio na makazi walikuwa wakilala humo. Askari wawili waliingia kuwatafuta, moshi ukawafunga, wakapotea. Wengine waliingia kuwatafuta wenzao, na wanne kati yao nao wakapotea. Nje walikuwapo askari wengine waliokuwa tayari kuingia, watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka na kujua majina ya watoto wa wale waliokuwa ndani. Mkuu wa wilaya, Mike McNamee, alisimama mlangoni na kuwazuia. Aliwaambia kwamba sita wamekwisha kupotea na hataongeza mwingine. Baadaye ilifahamika kwamba wale wawili waliotafutwa walikuwa wametoka zamani.

Amri ile haikuweza kutolewa na mtu aliye ndani. Aliye ndani yuko katika mbio za kumtafuta ndugu yake, damu imemchemka, na kila sekunde inamwambia asonge mbele hatua moja zaidi. Ni mtu wa mlangoni pekee, mwenye hesabu ya walioingia na mwenye kuona jengo lilivyobadilika, anayeweza kufikia uamuzi wa namna hiyo na kuwa na mwili wa kuuzuia mlango. Nasema mwili kwa makusudi, maana redio isingewazuia watu wale. Wanaosema kwamba kamanda wa nje ni mtu anayejiepusha na hatari wafikirie uzito wa kusimama pale, kuwatazama machoni wanaokuomba uwaruhusu, na kukataa.

Kubaki nje peke yake hakutoshi

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaofundisha njia ya pili kana kwamba kusimama nje ni dawa. Usiku wa Juni 14, 2017, moto ulianzia jikoni katika jengo la makazi la Grenfell Tower jijini London, lenye ghorofa 24, ukatoka dirishani na kupanda kwa kasi kwenye paneli zilizobandikwa ukutani kwa nje. Simu ya kwanza ilipigwa saa 6:54 usiku. Wakazi walikuwa wakielekezwa kubaki katika nyumba zao, kwa mujibu wa kanuni iliyodhani kwamba moto wa nyumba moja hautasambaa hadi nyingine. Agizo hilo lilibatilishwa saa 8:35 usiku. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya kwanza ya mwaka 2019, ilieleza kwamba uamuzi wa kuwatoa wakazi ungeweza na ulipaswa kufanywa kati ya saa 7:30 na saa 7:50. Waliofariki walikuwa 72.

Makamanda wa usiku ule walikuwapo nje. Walichokosa ni mafunzo ya kutambua kwamba kuta za nje zimekuwa njia ya moto, utaratibu wa kulihamisha jengo zima, na habari kutoka kwa watu walionaswa. Simu za wakazi zilipokewa na chumba cha mawasiliano kilicho mbali na jengo, na yaliyosemwa yakafikishwa kwa kupitia watu kadhaa, mengine yakiandikwa kwenye vipande vya karatasi na hata ukutani, huku redio zikisumbua. Kamanda akawa na mahali pazuri pa kuona lakini hana cha kutosha cha kusikia. Somo ninalolichukua ni kwamba thamani ya kamanda wa nje ni sawa na ubora wa habari zinazomfikia. Kituo kisicho na redio za kutosha, au chenye askari wasiozoea kutoa taarifa kila baada ya dakika chache, kikimweka kiongozi wake nje kitakuwa kimemtoa kwenye kazi bila kumpa kazi nyingine.

Kwa hiyo mkuu wa kituo anayetaka kuichagua njia ya pili aanze na mambo ya msingi. Kila anayeingia awe na redio inayofanya kazi, au angalau kila jozi iwe nayo. Taarifa ziwe fupi na za mpangilio mmoja: tuko wapi, tumekuta nini, hewa imebaki kiasi gani, tunahitaji nini. Askari anayesema “Afande, tumemaliza chumba cha tatu, moshi mzito, hewa nusu” amempa kiongozi wake macho. Askari anayesema “tunaendelea” hajampa kitu.

Idadi ya askari na suluhisho la katikati

Mwaka 1998 Marekani iliweka kanuni ya usalama kazini kwamba katika moto wa ndani ya jengo, askari wasiopungua wawili waingie pamoja na wengine wasiopungua wawili wabaki nje wakiwa tayari kuwaokoa, isipokuwa pale uhai wa mtu unapohitaji uokoaji wa papo hapo. Ukifanya hesabu kwa gari lenye watu wanne, utaona kwamba kiongozi hawezi kuwa mtazamaji. Ama ni mmoja wa wawili walioingia, ama ni mmoja wa wawili wa nje ambaye pia anaandika majina, anasikiliza redio na kumwangalia mwendesha pampu. Vituo vingi vya Afrika Mashariki vinaishi ndani ya hesabu hiyo ngumu, na mwongozo wowote unaowaambia wasimamishe kamanda asiye na kazi nyingine tangu dakika ya kwanza utabaki kwenye karatasi.

Utaratibu wa Phoenix ulilijibu jambo hili vizuri kuliko mwingine ninaoufahamu. Afisa wa gari la kwanza anaruhusiwa kuingia na askari wake endapo kuwamo kwake ndani kutabadilisha matokeo mara moja, kwa mfano pale ambapo kuna mtu wa kuokolewa au moto ni mdogo unaoweza kuzimwa kwa mpira mmoja. Anapoingia bado ndiye kamanda, akiongoza kwa redio yake ya mkononi. Lakini hali hiyo haina ruhusa ya kuendelea. Lazima iishe upesi kwa njia moja kati ya tatu: moto udhibitiwe, au afisa wa gari linalofuata apokee uongozi akiwa nje, au yeye mwenyewe atoke na kushika nafasi ya kamanda. Jambo la maana ni ule ukomo. Afisa anayeingia bila kujiwekea ukomo hujikuta bado yuko ndani wakati magari matatu yamefika na kila moja linajiamulia upande wake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa kiasi kikubwa, katika moto wa duka la samani la Charleston, South Carolina, Juni 18, 2007, ulioua askari tisa wa zimamoto. Wachunguzi walieleza sababu nyingi, zikiwemo za jengo lenyewe kukosa mfumo wa kunyunyizia maji, lakini pia walibaini kwamba hapakuwa na uongozi wa tukio uliosimama sawasawa wala hesabu ya uhakika ya walioingia. Maofisa wenye vyeo hawakukosekana mahali pale. Kilichokosekana ni mmoja kati yao kuacha kila kitu kingine na kushika tukio lote.

Aina ya tukio

Kwa nyumba ya chini yenye vyumba vichache na gari moja lililofika, naona ni haki afisa aingie, kwa ukomo niliouelezea. Kwa bweni la shule usiku, ambako milango ni michache na watoto hawajulikani wamelala wangapi, napendekeza abaki nje tangu mwanzo hata kama moyo unamvuta ndani. Kazi ya kwanza pale ni kumpata mwalimu mwenye orodha, kuwahesabu watoto waliotoka, na kuelekeza askari wachache alionao kwenye upande ambako bado wapo walionaswa. Akiingia yeye, hakuna atakayefanya kazi hiyo, na askari wataendelea kutafuta mahali ambapo hapana mtu.

Kwa soko au jengo kubwa la biashara sina shaka yoyote. Moto kama ule uliounguza soko kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021, una njia nyingi za kuingilia, shehena za kila aina, na wafanyabiashara wanaotaka kuokoa mali zao kwa nguvu. Kamanda aliyemo ndani ya fremu moja ya duka hawezi kuongoza tukio la namna hiyo. Hata jengo lililoporomoka, kama lile la Kariakoo la Novemba 16, 2024, linadai kiongozi wa nje, kwa kuwa waokoaji hutoka taasisi nyingi na mtu mmoja lazima awe na mamlaka ya kunyamazisha mitambo na umati ili walionaswa chini ya zege wasikike.

Lipo pia tukio lisilo na ndani kabisa. Katika lori la mafuta lililopinduka, hatari iko kwa wananchi waliokusanyika. Huko Sachangwan, Kenya, Januari 31, 2009, na huko Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya watu mia moja walikufa katika kila tukio, wengi wao wakiwa wamefika kuchota mafuta yaliyomwagika. Kikosi kikibahatika kufika kabla ya cheche, uongozi wote ni kuwasogeza watu mbali, kuzuia pikipiki na sigara, na kuweka povu tayari. Afisa anayekimbilia lori kwanza ili aonekane jasiri atakuwa amewaacha mamia nyuma yake bila mtu wa kuwaambia waondoke, na sauti ya mwenye cheo ndiyo ambayo raia na polisi wangeifuata.

Muundo wa jeshi au idara nao una sehemu katika uchaguzi huu. Tanzania Bara ilikusanya vikosi vilivyokuwa chini ya halmashauri na kuviweka katika Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, likiwa na Kamishna Jenerali na ngazi moja ya vyeo, kwa hiyo afisa anayefika baadaye na kupokea uongozi hutambuliwa mara moja. Kenya, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma ya kuzima moto ni ya kaunti, na kaunti mbili zinaposaidiana mpakani hakuna cheo kinachoamua chenyewe nani awe kamanda. Mahali pa namna hiyo makubaliano yaandikwe kabla ya moto, na kamanda awe wa nje, anayeonekana, mwenye fulana inayomtofautisha.

Imani inayojengwa kituoni

Njia ya pili ina sharti moja ambalo wengi hulisahau, na linahusu yale yanayofanyika siku zisizo na moto. Agosti 5, 1949, katika bonde la Mann Gulch, Montana, Marekani, askari wa kuzima moto wa misitu wanaoshuka kwa miavuli kutoka ndegeni walizingirwa na moto wa nyasi uliopanda mlima kwa kasi. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliona kwamba hawatafika kileleni. Akawasha nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia kwenye eneo lililokwisha kuungua na kuwapungia wenzake mkono wamfuate humo. Hawakumfuata, wakaendelea kukimbia. Kati ya watu 16 waliokuwa bondeni, 13 walikufa. Dodge alipona pale pale alipolala. Uamuzi wake ulikuwa sahihi, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuiona mbinu hiyo, na kikosi hicho kilikuwa hakijazoea kufanya kazi pamoja chini yake. Amri sahihi ilitoka kwa mtu ambaye askari hawakuwa wamemzoea kiasi cha kumfuata ndani ya jambo lisiloeleweka.

Kiongozi wa ndani hujenga imani hiyo kirahisi kwa sababu askari humwona akishika mpira. Kiongozi wa nje lazima aijenge kwa njia nyingine: kufanya mazoezi ya mtungi pamoja nao kila wiki, kukagua vifaa kwa mikono yake, kutoa nafasi ya kweli ya kuulizwa maswali baada ya kila tukio, na kueleza sababu za amri zake wakati ambapo muda unaruhusu, ili siku muda usiporuhusu zifuatwe bila maelezo. Afisa aliyekaa ofisini miezi sita na kuonekana kwenye matukio tu, akijitokeza siku moja mlangoni na kusema hakuna kuingia, askari watampita. Kama kituo hakina viongozi wa namna hiyo kwa sasa, ni afadhali kibaki na njia ya kwanza huku kikiwaandaa, kuliko kuweka nje mtu ambaye neno lake halina uzito.

Kwa mkuu wa kituo ambaye bado hajaamua, jaribio ni rahisi na halina gharama kubwa. Tafuta jengo tupu, ziba vioo vya vinyago vya askari kwa karatasi ili wasione, ficha wanasesere wawili ndani, na mpe sajini yuleyule zoezi lilelile mara mbili, kwanza akiwa ndani na kikosi chake, kisha akiwa nje na ubao na redio. Katikati ya kila zoezi msimamishe na umwulize: nani yuko ndani, wako chumba gani, wamebakiwa na hewa ya dakika ngapi, na gari la pili likifika sasa utalielekeza wapi. Kisha, bila kumwonya, mwondoe askari mmoja kwa mlango wa nyuma na kumficha, halafu pima inachukua muda gani kabla kiongozi hajagundua kwamba mmoja hayupo. Andika dakika hizo za mazoezi yote mawili kwenye ubao wa kituo, na zamu nzima ijadili ni njia ipi wangependa itumike siku ambayo aliyepotea ni mmoja wao.